Kabla ya Kidonge cha Kwanza: Kingatiba kwa Wagonjwa Wanaotumia Steroidi kwa Dozi Kubwa

Chukulia mkulima wa mpunga wa Bonde la Kilombero, mwenye umri wa miaka 58, aliyelazwa kwa sababu figo zake zilikuwa zikipoteza protini nyingi kupitia mkojo hata mwili ukavimba kuanzia vifundo vya miguu hadi usoni. Uchunguzi umeonyesha kuwa ugonjwa wake ni wa aina inayotibika kwa steroidi, naye ameanzishiwa prednisoloni miligramu 60 kila asubuhi. Baada ya majuma mawili uvimbe umepungua na anaruhusiwa kurudi nyumbani. Mfuko anaokabidhiwa una dawa tano: prednisoloni, kotrimoksazoli ambayo wengi huiita Septrini, isoniazidi, vitamini B6, na vidonge vya kalsiamu vyenye vitamini D. Kijana wake aliyekuja kumchukua anaisoma orodha, anainua uso na kuuliza: "Shikamoo, daktari. Samahani, baba anaumwa figo. Hizi dawa za Ukimwi na za kifua kikuu zimeingiaje humu?"

Swali hilo ni la haki, na lisipojibiwa pale pale, matokeo yake yanajulikana. Mzee atafika nyumbani, atameza kidonge kimoja anachokiamini, kile kilichomwondolea uvimbe, na vingine vitabaki kwenye kopo juu ya kabati. Hakuna atakachohisi kwa kuviacha. Hatapata maumivu wala homa, si wiki hiyo wala ijayo. Kisha siku moja atarudishwa hospitalini akiwa mahututi kwa ugonjwa usiohusiana kabisa na figo, na ambao ungeweza kuzuiwa kwa vidonge vya bei nafuu.

Steroidi zinazozungumziwa hapa ni jamaa za kotisoli, homoni ambayo tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo huitengeneza kila siku. Si zile ambazo baadhi ya wanamichezo hujidunga ili kukuza misuli. Historia yake katika tiba ilianza mwaka 1948, pale Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walipomdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi ya viungo aliyekuwa karibu kushindwa kutembea, naye akainuka baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Shangwe hiyo haikudumu bila doa. Mapema kabisa madaktari waliona nyuso zikijaa, sukari ikipanda, mifupa ikivunjika, na maambukizi yaliyokuwa yametulia yakiamka.

Hata hivyo hakuna aliyeweza kuziacha, wala hapana sababu ya kuziacha. Mgonjwa wa lupasi ambaye figo zake zinashambuliwa na kinga yake mwenyewe, au mgonjwa wa pemfigasi ambaye ngozi yake inabanduka kwa malengelenge, hana dawa nyingine inayofanya kazi kwa kasi hiyo. Wakati wa janga la UVIKO-19, mwaka 2020, utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa hiyo suala si kama steroidi zitumike. Suala ni nini kifanyike kabla na wakati zinatumika.

Neno "dozi kubwa" lina maana mahususi. Kwa mtu mzima, wataalamu wengi huanza kufikiria kingatiba ya maambukizi pale prednisoloni inapofikia miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki 4 au zaidi, hasa kama kuna dawa nyingine ya kushusha kinga inayoambatana nayo. Ikumbukwe kuwa steroidi hazilingani kwa uzito: deksamethasoni miligramu 6 ina nguvu sawa na takriban miligramu 40 za prednisoloni. Mgonjwa anayetazama ukubwa wa namba kwenye pakiti anaweza kudhani amepewa dozi ndogo, kumbe sivyo.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa ya maambukizi yanayowaua wagonjwa hawa haitoki nje. Tayari yamo mwilini, wakati mwingine kwa miaka mingi, yakiwa yamezuiwa na kinga isiyolala. Steroidi humwondoa mlinzi; mfungwa alikuwa ndani siku zote. Ndiyo maana orodha ya kingatiba iliyotungwa kwa ajili ya mgonjwa wa London au Chicago haiwezi kunakiliwa ilivyo kwa ajili ya mkulima wa Kilombero, mvuvi wa Pemba au mchimbaji wa Kivu. Watu hawa hawakubeba vitu vilevile mwilini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mnyoo mdogo aitwaye Strongyloides stercoralis. Lava wake huishi katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi, nao hupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku. Husafiri kwa damu hadi kwenye mapafu, hupanda kooni, humezwa, kisha hukaa katika utumbo mwembamba. Hadi hapo anafanana na safura. Tofauti ni kwamba mnyoo huyu anaweza kuzaliana ndani ya mtu yule yule bila kurudi kwenye udongo: baadhi ya lava hukomaa wakiwa bado tumboni, hupenya ukuta wa utumbo au ngozi iliyo karibu na njia ya haja kubwa, na kuanza mzunguko upya. Kwa sababu hiyo maambukizi hayaishi yenyewe. Askari waliokuwa mateka Mashariki ya Mbali katika Vita Kuu ya Pili walikutwa bado wanaye miongo kadhaa baada ya kurejea kwao. Mtu aliyelima mpunga pekupeku akiwa kijana, kisha akahamia mjini na kuvaa viatu maisha yake yote, anaweza kuwa anaye hadi leo bila dalili, au akiwa na muwasho na tumbo linalosumbua mara moja moja.

Mtu huyo akipewa prednisoloni kwa dozi kubwa, mzunguko mdogo uliokuwa umedhibitiwa hugeuka mafuriko. Maelfu ya lava hutoboa utumbo kwa wakati mmoja, wakibeba bakteria wa kinyesi na kuwamwaga katika damu, mapafu, hata utando wa ubongo. Mgonjwa huanza kwa maumivu ya tumbo, kutapika, kikohozi na kifua kinachobana. Hapa kuna mtego mbaya: kifua hicho hufanana na pumu, na dawa ya pumu iliyobana ni steroidi. Daktari asiyemfikiria mnyoo huyu anaweza kuongeza dozi ya kile kile kinachomuua mgonjwa. Hali hii ikishafika kwenye sumu ya bakteria katika damu, wengi hufa hata wakipata antibayotiki bora.

Kumtambua mapema si rahisi. Kipimo cha kawaida cha choo, kikifanywa mara moja, huwakosa wengi, kwa kuwa lava hutoka wachache na kwa vipindi. Alama nyingine inayotegemewa, kupanda kwa chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, hupotea pindi steroidi zinapoanza, kwa sababu dawa zenyewe huzishusha chembe hizo. Yaani kiashiria hushuka wakati hatari inapopanda. Kwa hiyo katika maeneo yenye mnyoo huyu wataalamu wengi hawasubiri uthibitisho. Huona ni busara kutoa ivermektini kabla ya kidonge cha kwanza cha steroidi, au siku hiyo hiyo ikiwa hali ya mgonjwa hairuhusu kusubiri. Dozi ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, mara moja au kwa siku mbili. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3.

Ivermektini si ngeni kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Ni dawa ile ile inayogawiwa vijijini katika kampeni za kingatiba ya usubi, na pamoja na albendazoli katika kampeni za matende na mabusha. Albendazoli peke yake, inayotolewa pia shuleni dhidi ya minyoo ya tumbo, haimwezi Strongyloides vya kutosha. Mgonjwa anaposema "nilishameza dawa ya minyoo", ni lazima aulizwe ni ipi. Tahadhari moja haina budi kutajwa kwa wagonjwa waliotoka au kuishi katika misitu ya Kongo na Kameruni. Huko kuna mnyoo mwingine, Loa loa, ambaye hutambaa chini ya ngozi na wakati mwingine kuonekana juu ya jicho. Mtu mwenye vimelea vingi vya Loa loa kwenye damu anaweza kupata madhara makubwa ya ubongo akimeza ivermektini. Damu yake ichunguzwe kwanza, nayo ichukuliwe mchana, baina ya saa nne asubuhi na saa nane, kwa kuwa ndipo vimelea hao huzunguka.

Kifua kikuu kinajulikana zaidi, na kwa hiyo hakihitaji maelezo marefu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wake. Prednisoloni ya miligramu 15 au zaidi kwa mwezi au zaidi huongeza uwezekano wa bakteria hao kuamka. Hatua ya kwanza si dawa. Ni kuhakikisha kuwa mgonjwa hana ugonjwa wenyewe tayari, kwa kumuuliza juu ya kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na kwa picha ya kifua. Kumpa isoniazidi peke yake mtu mwenye kifua kikuu hai ni kufundisha bakteria usugu. Akionekana hana, isoniazidi hutolewa kwa kawaida kwa miezi 6, ikiambatana na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu. Zipo pia njia fupi zenye dawa za jamii ya rifampisini, lakini hizo huharakisha kuvunjwa kwa prednisoloni katika ini, na ugonjwa wa awali unaweza kurudi dozi isipoongezwa.

Septrini ndiyo iliyomshtua kijana wa mfano huu, naye hakukosea kuitambua. Kwa miaka mingi dawa hii imetolewa katika kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na jirani akiona pakiti yake juu ya meza huwa ameshahukumu. Wagonjwa wa steroidi huificha, huitupa, au hujenga shaka kuwa daktari amewaficha majibu. Hakuna kitabu cha famakolojia kinachotaja jambo hili miongoni mwa madhara ya kotrimoksazoli, ingawa pengine ndilo linaloifanya iachwe kuliko upele au kichefuchefu.

Kazi yake hapa ni kuzuia nimonia ya Pneumocystis jirovecii, fangasi anayeshambulia mapafu pale kinga ya chembe nyeupe inapodhoofika. Kwa mtu asiye na virusi vya Ukimwi, nimonia hii huja kwa kasi zaidi na kuua zaidi kuliko kwa mwenye virusi hivyo, na mara kadhaa hujitokeza wakati dozi ya steroidi inapoanza kupunguzwa, yaani pale mgonjwa na ndugu zake wanapoamini kuwa wameshavuka. Kinachotosha ni kidonge kimoja cha miligramu 480 kwa siku, au miligramu 960 mara tatu kwa wiki. Anayedhurika na dawa zenye salfa asiimeze, ndiyo sababu swali la mzio linapaswa kuulizwa kwa lugha ya mgonjwa: "Umewahi kutoka malengelenge au vidonda mdomoni baada ya kumeza Fansidar au Septrini?" Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika maeneo ya malaria, anahitaji uangalifu, hasa akibadilishiwa kwenda dapsoni. Na anayetumia methotreksati asipewe Septrini kwa mazoea, maana dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuzima uboho wa mifupa unaotengeneza damu.

Mifupa hupungua haraka zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kabla mgonjwa hajafikiria kabisa habari ya mifupa. Kalsiamu ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, ikihesabiwa pamoja na chakula, na vitamini D yuniti 600 hadi 800, ndio msingi. Maziwa husaidia, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia sana. Kwa mwenye umri mkubwa, au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kujikwaa tu, huongezwa alendroneti miligramu 70 mara moja kwa wiki, inayomezwa asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, kisha mtu asilale kwa nusu saa, la sivyo huunguza koo la chakula.

Kuhusu omeprazoli kuna la kusemwa bila kuzunguka. Ndiyo dawa inayoandikwa karibu kila penye prednisoloni, na ndiyo ambayo wengi hawaihitaji. Steroidi zikiwa peke yake huongeza hatari ya vidonda vya tumbo kwa kiasi kidogo tu. Hatari hiyo hupanda sana zinapochanganywa na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, au kwa mwenye historia ya vidonda. Mgonjwa wa namna hiyo apewe omeprazoli, na bora zaidi aache diklofenaki. Wengine wanabebeshwa gharama, na matumizi yake ya muda mrefu yamehusishwa na kuvunjika kwa mifupa, yaani kile kile kinachojaribiwa kuzuiwa kwa kalsiamu. Inashangaza kuwa cheti kisicho na ivermektini hupita bila swali, lakini kisicho na omeprazoli humfanya mfamasia apige simu.

Sukari haina kidonge cha kuizuia, ila ina saa yake ya kupimwa. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana hadi jioni, na kipimo cha kabla ya kifungua kinywa kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. Chanjo zenye vimelea hai, kama ile ya homa ya manjano ambayo wasafiri huidaiwa mipakani, hazitolewi mgonjwa akiwa kwenye dozi kubwa. Na steroidi zenyewe hazikatwi ghafla baada ya kutumiwa kwa majuma kadhaa, kwa sababu tezi zilizozoea kupumzika haziamki siku moja. Shinikizo la damu linaweza kuporomoka na mtu akapoteza fahamu.

Lipo kundi ambalo halimo katika kitabu chochote cha rufaa. Ni wale, wengi wao wanawake vijana, wanaonunua deksamethasoni dukani ili wanenepe, au wanaojipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali ya klobetasoli. Hao hawana cheti, hawajapimwa chochote, na hakuna wa kuwaambia juu ya Strongyloides. Daktari anayemwona mgonjwa mwenye uso wa mviringo, michirizi ya zambarau tumboni na maambukizi asiyoyaelewa, aulize kwa upole na bila kuhukumu: "Mwanangu, kuna vidonge vyovyote ulikuwa unatumia kuongeza mwili?" Akiuliza kwa ukali atajibiwa hapana.

Kwa mkulima wa Kilombero, ivermektini alikwishapewa wodini kabla ya prednisoloni, na kijana ameelezwa hilo pamoja na mengine. Amekubali, na ameomba maelezo yaandikwe nyuma ya kadi kwa Kiswahili ili mama yake naye ayasome: hii ya figo, hii ya kulinda mapafu, hii ya kuzuia kifua kikuu, hii ya mifupa. Daktari anapoandika anagundua kuwa ipo nafasi isiyojazwa kwenye kadi hiyo: kipimo cha homa ya ini aina ya B.

Chanjo ya homa hiyo iliingia katika ratiba za watoto Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo mtu wa miaka 58 hakuipata utotoni. Virusi hivyo huweza kutulia kwenye ini kwa miaka mingi, vikaongezeka kimya kimya wakati wa steroidi, kisha ini likashambuliwa kwa nguvu pale dozi inaposhushwa na kinga kurudi. Mzee anarudishwa maabara, anatolewa damu, na safari inasogezwa hadi kesho. Jibu linatoka: ana virusi. Kipimo cha virusi vya Ukimwi, ambacho ni lazima kitangulie kwa kuwa tenofoviri hufanya kazi dhidi ya vyote viwili na haifai kumpa peke yake mwenye Ukimwi, hakionyeshi maambukizi. Dawa za kuzuia virusi vya homa ya ini ni tenofoviri na entekaviri; kwa kuwa tenofoviri ya kawaida inaweza kuzielemea figo zilizokwisha kudhurika, anaandikiwa entekaviri kwa dozi inayolingana na kazi ya figo zake, atakayoendelea nayo kwa miezi kadhaa hata baada ya prednisoloni kwisha. Isoniazidi, inayoweza kuliumiza ini, inasimamishwa hadi vipimo vya ini vitakaporudiwa baada ya wiki mbili. Kijana anafuta mstari mmoja nyuma ya kadi na kuandika mwingine mahali pake: hii ya ini, isiachwe bila kumuuliza daktari.